Magari yanayoegeshwa juu ya nyasi kando ya barabara za mtaa: tuyadhibiti vipi?

Swali
Ndugu zangu, ukanda wa nyasi ulio kati ya barabara na njia ya waenda kwa miguu mtaani kwetu umegeuka maegesho. Mvua ikinyesha magurudumu huacha mifereji ya tope, na anayesukuma kigari cha mtoto hulazimika kushuka barabarani kwa sababu magari yamekalia hadi njia yenyewe. Baadhi ya majirani wanataka tupange mawe makubwa tumalize ubishi. Je, ni busara?

Jibu la 1
Ndugu, msianze na mawe. Ukanda huo kwa kawaida ni sehemu ya hifadhi ya barabara, kwa hiyo haumilikiwi na wakazi, na dereva akigonga jiwe usiku, aliyeliweka anaweza kudaiwa fidia. Chunguzeni kwanza ni nani anaegesha na saa ngapi, kwa kuwa mkazi asiye na nafasi uani kwake ana shida tofauti na mgeni anayekwepa kulipia maegesho, na mkiziba upande mmoja bila kujua hilo, magari yatahamia upande wa pili. Kisha iandikieni mamlaka ya barabara barua moja yenye picha na saini za wengi. Sheria ikiwepo, kazi huwa nyepesi: London ilipiga marufuku tangu 1974 kuegesha juu ya njia za miguu na kingo za nyasi, isipokuwa panaporuhusiwa.

Jibu la 2
Naomba tusisahau udongo, maana madhara makubwa hayaonekani. Gurudumu hubana matundu ya hewa ardhini, hasa udongo ukiwa umelowa, na baada ya hapo maji hayapenyi wala mizizi haipumui. Chomeka bisibisi ndefu siku moja baada ya mvua: penye afya huzama kwa mkono, lakini palipokanyagwa hukwama karibu na juu. Kumwaga udongo mpya juu ya mifereji hakusaidii. Tifueni kwanza kwa jembe uma, ndipo mpande nyasi. Penye miti muwe wakali zaidi, kwani mizizi mingi inayonyonya maji imo ndani ya sentimita 60 za juu, nayo huenea kupita kivuli cha matawi, na mti unaweza kuchukua miaka kabla haujaonyesha kwamba umeumia.

Jibu la 3
Nakubaliana na wote wawili, ila pale ambapo wakazi kweli hawana pa kuegesha, ombeni sehemu fupi itandikwe matofali ya zege yenye matundu juu ya kokoto. Maji hupenya na nyasi huota matunduni, ingawa gari likilala hapo kutwa kucha zitakufa kwa kukosa mwanga. Kwingineko nguzo fupi za mbao zilizoachana mita 1.5 huzuia gari na kupitisha kiti cha magurudumu. Kabla ya kuchimba shimo lolote, mamlaka ithibitishe mabomba na nyaya zimepita wapi.