Fleti ya kupangisha watalii nje: Uhispania, Ureno, Ugiriki, Dubai au Thailand?

Funguo_Saba
Wakuu, salaam. Nina akiba ya kununua fleti moja ndogo nje ya nchi. Nia ni kuitumia mwenyewe wiki tatu nne kwa mwaka, muda mwingine nipangishe watalii kwa usiku. Kila dalali ninayezungumza naye ananionyesha bahari. Nikimuuliza kama sheria inamruhusu mgeni kupangisha wageni wenzake, ananijibu, "hilo dogo, tutalimaliza baadaye." Hiyo "baadaye" ndiyo inayoninyima usingizi. Waliopita huko, karatasi za wapi ni nyepesi kwa mtu asiye raia wala mkaazi?

Bibi_Hati
Thailand ifute, au usome kwanza. Kumiliki fleti kunawezekana, mradi sehemu ya wageni isizidi 49% ya eneo la fleti zote za jengo. Madalali huishia hapo. Hawasemi kwamba Sheria ya Hoteli ya 2004 inayahesabu malazi ya kulipia ya chini ya mwezi kuwa hoteli. Ukipangisha kwa usiku bila leseni, adhabu ni kifungo hadi mwaka 1 au faini hadi baht 20,000 au vyote viwili, na hadi baht 10,000 juu kwa kila siku unayoendelea.

Kaskazi
@Bibi_Hati mbona kuna msamaha wa malazi madogo? Mwaka 2023 waliupanua hadi vyumba 8 na wageni 30.

Bibi_Hati
Upo, mkuu, lakini haujileti wenyewe. Lazima ujiandikishe serikalini, na kwenye jengo la fleti unakutana na kanuni za wamiliki ambazo mara nyingi zinakataza watalii wa siku mbili. Anayepangisha mwezi mzima au zaidi amepona hapo, ila bado kila mpangaji wa kigeni anaripotiwa uhamiaji ndani ya saa 24.

Kaskazi
Basi mimi naipigia debe Dubai. Mgeni ananunua kwenye maeneo yaliyotengwa kwa umiliki huru, kisha anaomba kibali cha nyumba ya likizo kwa idara ya uchumi na utalii. Mtu binafsi anaweza kusajili nyumba zake hadi 8. Unaingiza taarifa za kila mgeni kwenye mfumo wao na unakusanya ada ya utalii ya dirham 10 au 15 kwa chumba kwa usiku, kutegemea daraja. Kodi ya mapato ya mtu binafsi hakuna.

Mhasibu_Mstaafu
Hakuna *huko*. Nchi unakoishi inaweza kukudai kodi ya mapato yako ya dunia nzima, na mkataba wa kuzuia kutozwa mara mbili haukusaidii kitu kama upande wa pili hukutozwa hata mara moja. Nimeona watu wazima na akili zao wakishtuka wakilifahamu hilo.

Tatu_kwa_Tano
Jina langu la humu limetokana na Uhispania, kwa hiyo nisikilizeni. Nilikubaliana bei ya fleti nzuri ya ghorofa ya pili, nikalipa arbuni, ndipo wakili akaniuliza: umoja wa wamiliki wa jengo umekubali? Tangu 3 Aprili 2025, anayetaka kuanza kupangisha watalii kwenye jengo la pamoja anahitaji kwanza idhini ya tatu kwa tano ya wamiliki. Waliokuwa wanapangisha kihalali kabla ya tarehe hiyo hawakuguswa. Majirani walipiga kura, nikaanguka vibaya. Arbuni haikurudi, na dalali aliyesema ni dogo hapokei simu tena.

Hiyo ni ngazi ya jengo tu. Leseni ya utalii inatolewa na jimbo, na kila jimbo lina sheria zake, kwa hiyo ushauri wa rafiki yako wa Andalusia haukufai kitu Catalonia. Barcelona yenyewe imetangaza kutoongeza muda wa leseni zake zote za fleti za watalii, zaidi ya 10,000, ifikapo Novemba 2028.

Mhasibu_Mstaafu
Ongeza kodi. Mkaazi wa Umoja wa Ulaya anatozwa Uhispania 19% baada ya kutoa gharama. Wa kutoka nje ya Umoja, kiwango ni 24%, na ofisi ya kodi imekuwa ikiitoza kwenye mapato ghafi, riba ya mkopo na ukarabati havitolewi. Linganisha na Ureno: kwa utaratibu rahisi, fleti ya watalii inahesabiwa 35% tu ya mapato, kisha asiye mkaazi anatozwa 25% ya hiyo. Kwenye euro 10,000 unalipa 875. Ikiwa ndani ya eneo ambalo manispaa imezuia fleti mpya za watalii, wanahesabu 50%, unalipa 1,250.

Funguo_Saba
Kumbe! Na kupata usajili Ureno kukoje?

Mwana_Lisboa
Unachukua namba ya mlipakodi, unasajili nyumba manispaa kama *Alojamento Local*, yaani malazi ya watalii, unakata bima ya dhima, unaweka kitabu cha malalamiko. Wageni wa nje unawaripoti ndani ya siku 3 za kazi. Majirani wana sauti, lakini kidogo kuliko Uhispania. Shida ni kwamba sheria haitulii: Oktoba 2023 walisimamisha usajili mpya wa fleti karibu pwani yote, Novemba 2024 wakarudisha madaraka kwa manispaa. Sasa uliza manispaa husika, mtaa kwa mtaa.

Bibi_Hati
Ugiriki hamjaigusa. Usajili unafanyika kwa mamlaka ya kodi na namba yake lazima ionekane kwenye tangazo. Ukifikisha nyumba tatu unageuka mfanyabiashara. Katikati ya Athens, kata tatu za kwanza za jiji zilifungiwa usajili mpya tangu Januari 2025. Na kama unanunua ili upate kibali cha ukaazi kwa kanuni za 2024, nyumba hiyo *huruhusiwi* kuipangisha kwa muda mfupi. Faini ni euro 50,000 na kibali kinafutwa. Usije ukanunua kwa sababu mbili zinazouana.

Tatu_kwa_Tano
Popote utakapokwenda, andika kwenye mkataba wa awali kwamba ukinyimwa usajili, arbuni inarudi. Muuzaji akikataa kipengele hicho, ameshakujibu.

Funguo_Saba
Thailand nimeifuta. Kesho namwandikia dalali wa Ureno anitumie kanuni za jengo na jibu la manispaa kabla ya picha nyingine ya bahari.