Majoreti bila kifimbo? Binti yangu ananicheka

BabaNeema: Wakuu, habari za jioni. Niko Atlanta mwaka wa sita sasa. Binti yangu wa miaka 11 kajiunga na timu ya majoreti. Mimi najua majoreti ni wale wasichana wanaotangulia bendi wakizungusha kifimbo. Basi nikampima mkono akiwa amelala, toka kwapani mpaka ncha ya kidole cha kati, nikaagiza kifimbo cha chuma. Kimefika jana. Kakiangalia, kacheka mpaka kakaa chini. "Baba, sisi hatutumii hiyo!" Majoreti gani hao? Au ada yangu ndiyo imeliwa?

MamaTwaha: Haijaliwa, kaka. Nimekaa Jackson, Mississippi, miaka tisa, na mchezo huo kwao ndiko huko. Hicho kifimbo ni mjukuu wa ile fimbo ndefu ya dramu meja, kiongozi wa bendi, wa jeshini. Wasichana wa Kimarekani walikichukua wakakifanya chao, na vyuo vya watu weusi navyo vilikuwa na majoreti wa kuzungusha. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, majoreti wa Jackson State pamoja na mlezi wao, Shirley Middleton, walimwendea mkuu wa chuo, John Peoples, wakamwomba waweke vifimbo chini, wacheze tu. Akakubali. Leo ndio hao wanaoitwa J-Settes. Kifimbo kikaenda, jina la majoreti likabaki.

Ukawaone siku ya mechi. Nahodha anaanza hatua peke yake, hageuki nyuma, hasemi kitu. Safu ya kwanza inamtazama, inadaka. Ya pili inadaka kwa ya kwanza, hivyo hivyo mpaka mwisho, huku bendi inapuliza nyuma yao. Anayechelewa anaonekana na uwanja mzima! Neema akirudi analalamika mapaja, msugue tu, usimpeleke hospitali.

MkeWaAlcorn: Shoga, mbona umewaruka wenzio? Golden Girls wa chuo cha Alcorn State walicheza na bendi bila vifimbo tangu 1968, kule Miami, kwenye mechi ya Orange Blossom Classic. Na Alcorn nayo iko Mississippi hiyo hiyo. Mume wangu kasoma pale. Ukisema Jackson State walianza, siku hiyo nyumbani hakuliki.

MamaTwaha: Najua, mamii. Wangu kasoma Jackson State. Kila mtu alinde ndoa yake.

Mzee_Kibokoni: Sisi wa Mombasa hayo hatuyashangai. Beni ilikuwa nini? Watu waliona bendi za wanajeshi wa Kizungu, wakachukua gwaride, magwanda na vyeo, wakageuza ngoma yao. Huku vilishindana vyama vya Kingi na Scotchi, Dar es Salaam vikawa Marini na Arinoti. Ushindani wenyewe haukuwa wa mzaha, pesa ziliteketea. Bibi zetu nao walikuwa na vyama vyao vya ngoma ya lelemama.

BabaNeema: Shukrani nyote. Sasa hiki kifimbo nikirudishe?

MamaTwaha: Usirudishe. Angalia ncha zake, mpira mmoja mkubwa, mwingine mdogo, kwa hiyo uzito haukai katikati. Kilaze juu ya kidole kimoja, ukisogeze mpaka kitulie. Hapo ndipo pa kushika.

BabaNeema: Nimejaribu hapa sebuleni. Kushika nimeshika vizuri. Taa ya dari ndiyo imekwenda, na mama Neema anashuka ngazi.