Kazi ya uhudumu wa ndege: nilipe karo ya chuo, niingie hoteli, ama nisubiri matangazo?

Nyota_ya_Otonglo
Hamjambo wote. Nina miaka 22, C+ ya KCSE, na miezi saba ya kuuza simu dukani hapa Kisumu. Kwetu Otonglo ndege hupita chini chini zikishuka uwanjani, na tangu darasa la pili nimekuwa nikisema siku moja nitakuwa humo ndani nikikagua mikanda ya abiria. Mwaka huu nataka kuomba kazi hiyo. Mama amepokea zamu yake ya chama na akaniambia pesa ni zangu, ila zinatosha jambo moja tu. Nilipe karo ya miezi sita kwenye chuo cha uhudumu wa ndege? Niingie kazi ya hoteli nipate uzoefu, kisha niombe kampuni za Ghuba? Ama nisubiri matangazo ya kampuni za hapa kwetu? Wiki mbili sasa sipati usingizi. Nishaurini kama dada yenu.

Mapokezi_Milimani
Dada Nyota, mimi ningeanza na hoteli. Chukua mfano wa Emirates: wanataka uwe umefikisha miaka 21, urefu usiopungua sentimita 160, umemaliza sekondari, Kiingereza kisikukwame, na angalau mwaka mmoja wa kuhudumia wateja. Cheti cha chuo cha wahudumu wa ndege hakimo kwenye orodha hiyo. Wakikuchukua, wanakufunza wenyewe Dubai kwa takriban wiki 8 na kukupa nyumba ya kukaa. Sasa karo ya nini, kwa kitu utakachofunzwa upya bila kulipa?

Halafu mapokezi yanakufunza watu. Juzi saa tano usiku mgeni aliingia kutoka Busia, amelowa chapachapa, na chumba alicholipia kimepewa mtu mwingine. Aliipiga kaunta kwa kiganja hadi kalamu zikaruka. Nilimpa taulo, nikammiminia chai, nikazunguka nikasimama upande wake wa kaunta, ndipo nikaanza kutafuta chumba. Alipopanda ngazi alikuwa ananiuliza kwetu ni wapi. Kwenye mahojiano watakuuliza hasa hilo: tueleze siku mteja alikasirika, na wewe ulifanya nini. Mwenye kisa chake hababaiki. Hata hiyo miezi saba ya simu ina thamani, kwa hivyo tafuta daftari leo uandike visa vyako vingali vibichi.

Kijana_wa_Lanet
Mimi nililipa. Chuo sitakitaja. Baba aliuza ng'ombe wawili kwa sababu tuliahidiwa "kuunganishwa na kampuni" tukimaliza. Tulijifunza kutembea, kufunga tai na kutabasamu. Mlango wa ndege niliuona kwenye picha. Siku ya kuunganishwa ilipofika, simu ya mhusika haikushikwa tena. Nyota, kabla hujatoa hata shilingi, omba kuona kibali cha kufundisha kozi hiyo kutoka KCAA, mamlaka ya usafiri wa anga ya Kenya. Mimi niliuliza nikiwa nimechelewa, na kila nikiangalia zizi la baba inaniuma.

Tausi_Kakamega
Pole sana kaka, hayo ni maumivu. Lakini vyuo havifanani. Mimi nilisomea penye kibali, na nilifika pale nikiona haya kusema Kiingereza mbele ya watu watano. Somo la usalama ndilo lililonigeuza. Ndege kubwa ya abiria haiidhinishwi hadi ithibitike kwamba watu wote wanaweza kutoka kwa sekunde 90, huku nusu ya milango haitumiki. Mwalimu alituwekea saa mezani akatunyamazisha sekunde 90. Ni muda mfupi mno. Tangu siku hiyo naona chai na soda ni sehemu ndogo tu ya kazi hii. Anayetaka chuo cha serikali, East African School of Aviation iko Embakasi, chini ya KCAA. Usisahau kuhesabu nauli na chumba cha Nairobi.

Ndege_za_Ziwani
Kuhusu kusubiri kampuni za hapa: ile Dash 8-400 ya Jambojet inayotua Kisumu ina viti 78, na hesabu ya kawaida ni mhudumu mmoja kwa kila viti 50. Basi hapo ni wahudumu wawili. Nafasi ni chache. Tangazo likitoka omba, lakini likukute kazini.

Mama_Pendo_Kondele
Mwanangu Nyota, hawa wote wanasema vizuri, ila pima mkono kwanza. Emirates na Qatar wanataka ukisimama kwa ncha za vidole vya miguu, bila viatu, mkono ufike sentimita 212, maana vifaa vya dharura vimewekwa juu. Mpwa wangu alikuwa na kila kitu akakosa sentimita mbili. Uwe huna michoro ya mwilini inayoonekana ukivaa sare. Jifunze kuogelea pia, kwa kuwa mafunzo yana mazoezi ya majini, na sisi wa ziwani wengi hatujui. Pasipoti ishughulikie mapema. Ofisi iko hapa hapa Kisumu, na alama za vidole za cheti cha maadili mema utawekewa Huduma Centre. Na wakala akikuomba pesa ili upate mahojiano, usimjibu tena. Kampuni za ndege haziuzi mahojiano.

Nyota_ya_Otonglo
Mama Pendo, nimepima jioni hii. Kaka yangu alishika futi ukutani nyuma ya jikoni, mimi na chaki mkononi, miguu mitupu. Mara ya kwanza 209, nikakaribia kulia. Akaniambia visigino sijaviinua vya kutosha. Nikavuta pumzi nikajinyoosha hadi mbavu zikauma: 213. Alama iko ukutani, nimemkataza mtu yeyote kuifuta.

Nimeamua hoteli. Pesa za chama nitatoa za pasipoti na za kujifunza kuogelea, zilizobaki namrudishia mama. Kijana wa Lanet, asante kwa kulisema lililokuuma. Mapokezi, kwenu mnachukua watu? Naweza kuleta CV Jumatatu?

Mapokezi_Milimani
Njoo kabla ya saa nne, meneja huwa na utulivu. Beba na hilo daftari.