Vinyama kwenye mfuko wa chakula: kipi cha kuondoa, kipi cha kuacha?

TabibuWaKata

Wakuu, habari za kazi. Nina mama wa miaka 58, amerudi kituoni na majibu ya kamera ya tumbo. Kwenye fandasi (sehemu ya juu) na mwili (sehemu ya kati) wa mfuko wa chakula kuna vinyama 6 vya milimita 2 hadi 5, laini, rangi sawa na utando. Antramu (sehemu ya chini, karibu na njia ya kutokea) ina kimoja cha milimita 12, chekundu, kimechubuka juu. Sampuli imechukuliwa kwenye kile kikubwa tu, na patholojia wamejibu "polipu ya haipaplastiki, hakuna displasia", yaani kinyama cha utando uliokua kupita kiasi, bila seli zinazoanza kugeuka kuelekea saratani. Hb (kiwango cha damu) yake ni 8.4. Kipimo cha choo cha H. pylori, bakteria wa mfuko wa chakula, ni hasi.

Familia imeshaingiwa na hofu ya saratani, kuna kijana wake anataka mama apasuliwe haraka. Niwaambie nini cha kweli? Na kile kikubwa kiondolewe au kiangaliwe tu?

Darubini

Dokta, vitenganishe kwanza, maana hatari zake hazilingani hata kidogo.

Vile vidogo vya juu, kwa maelezo hayo, vinafanana na polipu za tezi za fandasi. Zinapojitokea zenyewe karibu haziendi kwenye saratani, na kwa watu wengi huota baada ya kutumia omeprazoli na ndugu zake (dawa za kupunguza asidi) kwa mwaka na zaidi. Wa kumhofia ni aliye chini ya miaka 40, au mwenye zaidi ya 20, au zikikutwa na displasia. Huyo apelekwe kamera ya utumbo mpana, kwa sababu anaweza kuwa na ule ugonjwa wa kurithi wa polipu nyingi (FAP), ambao usipodhibitiwa huishia kwenye saratani ya utumbo mpana. Ila kwa mama huyu hakuna aliyethibitisha kwa darubini kwamba ndizo. Ilitakiwa sampuli ya kimoja au viwili, kwenye chupa yake.

Haipaplastiki huota kwenye utando uliovimba kwa muda mrefu, mara nyingi kwa sababu ya H. pylori, au kinga ya mwili inaposhambulia tezi za mfuko wa chakula. Nyingi hazigeuki. Saratani hukutwa ndani yake kwa chini ya watu 5 kwa 100, na karibu zote ni zile zilizozidi sentimita 1. Hapo ndipo ripoti yako inaponikosesha raha: koleo la bayopsi (la kuchukulia sampuli) linanyofoa milimita 2 au 3 za juu tu. Kinyama cha milimita 12 kinaweza kuwa na displasia pembeni ambako koleo halikugusa. Jibu la "hakuna displasia" linahusu kipande kilichofika maabara, si kinyama kizima.

Kubwa kuliko yote, ripoti haisemi lolote kuhusu utando unaozunguka. Mtu mwenye polipu ya haipaplastiki anaweza kupata saratani sehemu nyingine kabisa ya mfuko huohuo, pale utando uliposinyaa na kugeuka kuwa kama wa utumbo. Akirudi kwenye kamera, omba sampuli 5 kwa utaratibu wa Sydney: 2 antramu, 1 kwenye kona ya mkunjo mdogo, 2 mwilini mwa mfuko. Za antramu na za mwilini zisichanganywe chupa moja. Fomalini iwe ya 10%, ujazo wake mara 10 ya nyama. Sampuli zinazosafirishwa siku mbili kwenye maji ya chumvi zinaoza, na hapo displasia haisomeki tena.

Adenoma ingekuwa kesi tofauti: hiyo ndiyo polipu inayoelekea saratani waziwazi, huondolewa hata ikiwa ndogo na kamera hurudiwa baada ya mwaka 1, au miezi 6 kama haikutoka yote.

KameraNaKitanzi

Naungana na Darubini. Kwa kile cha antramu, ningeondoa. Kimezidi sentimita 1, kimechubuka, na mama ana upungufu wa damu. Polipu za haipaplastiki huvuja kidogokidogo kwa miezi, mgonjwa haoni choo cheusi, anaona uchovu tu.

Ila si lazima kesho. Kama H. pylori yupo, aanze kutibiwa, kwa sababu sehemu kubwa ya polipu hizi husinyaa zenyewe bakteria akishaondoka. Kamera irudiwe baada ya miezi 3 hadi 6. Kikiwa bado kipo, kitoke. Hb ikiendelea kushuka, au akianza kutapika chakula cha jana kwa sababu kinyama kinaziba njia ya kutokea, usisubiri muda huo.

Kijana aambiwe kwamba hapa hakuna kupasua. Kinyama chenye shina hukatwa na kitanzi cha waya kupitia kamera hiyohiyo. Kilicholala hunyanyuliwa kwanza kwa kuchomwa maji ya chumvi chini yake, halafu kitanzi. Tumbo lina mishipa mingi ya damu, kwa hiyo kuvuja damu ndilo tatizo la kwanza, kutoboka ni mara chache zaidi. Hospitali unayompeleka iwe na klipu na adrenalini mezani, vinginevyo wanaishia kuchukua sampuli na kumrudisha kwako.

Maandalizi: asile kwa muda wa saa 6 kabla ya kamera, na asinywe hata maji matupu kwa muda wa saa 2 kabla. Kama anatumia wafarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), kwa kawaida husimamishwa siku 5 kabla, lakini aliyemwandikia ndiye aamue, hasa kama ana vali ya bandia. Akitoka, omeprazoli wiki 4 hadi 8 ili kidonda kipone, na asiguse diklofenaki wala ibuprofeni. Damu inaweza kutoka hata baada ya wiki, kwa hiyo waambie wazi: choo cheusi kama lami, kutapika damu, kizunguzungu akisimama au maumivu makali ya tumbo, hospitali usiku huohuo.

TabibuWaKata

Asanteni sana. Nimeangalia kadi yake: omeprazoli 20 asubuhi na jioni tangu mwaka jana, na kipimo cha choo kilifanyika akiwa anaendelea nayo. Kipimo cha damu cha haraka kilisoma chanya. Nishike kipi?

Mfamasia_Pwani

Usishike chochote hapo. Omeprazoli inapunguza bakteria hadi kipimo cha choo kisimwone, na kile cha damu kinaonyesha kingamwili ambazo hubaki muda mrefu hata mtu akishapona. Asimamishe omeprazoli wiki 2, awe hajatumia antibiotiki yoyote kwa wiki 4, ndipo arudie choo. Kiungulia kikimsumbua katika wiki hizo, apewe dawa ya kawaida ya kupunguza asidi ya magnesi na alumini. Na kama hakuna sababu ya msingi ya omeprazoli, asirudishiwe. Vile vidogo vya juu, kama ni vya fandasi, huenda vikapungua.

Akiwa chanya, siku 14 kamili: omeprazoli, bismuthi, tetrasaiklini miligramu 500 mara 4 kwa siku na metronidazoli miligramu 500 mara 3. Bismuthi ikikosekana, wengi hutumia klarithromaisini miligramu 500 na amoksilini gramu 1, vyote mara 2 na omeprazoli, lakini usugu dhidi ya klarithromaisini umeongezeka, kwa hiyo kipimo cha kuhakiki ni lazima: wiki 4 baada ya antibiotiki, na wiki 2 bila omeprazoli.

Madini ya chuma anayahitaji, ila yakikutana na tetrasaiklini tumboni yanashikana na dawa haifanyi kazi. Kwa siku hizo 14 ni rahisi kuyasimamisha, kama Hb haishuki. Baada ya hapo kidonge 1 kwa siku kinatosha. Mweleze pia kwamba bismuthi na chuma vyote hufanya choo kiwe cheusi, lakini hakinati wala hakinuki kama kile cha damu. Wagonjwa wengi huacha dozi katikati kwa hofu hiyo.

Darubini

Naongeza kimoja. Mpime na vitamini B12. Kama kinga ya mwili ndiyo inayokula tezi za mfuko wake, atakosa chuma na B12 kwa pamoja, na ukubwa wa seli nyekundu unaweza kusoma kawaida, ukadhani hakuna kitu. Katika hali hiyo vile vinyama 6 vya juu huenda visiwe vya tezi za fandasi, bali uvimbe mdogo wa seli za homoni unaotokana na gastrini (homoni inayochochea asidi) kupanda. Kwa hiyo kwenye barua ya rufaa andika wazi: sampuli za vinyama vya juu, sampuli 5 za utando, na kile cha antramu kiondolewe kizima. Taja pia tarehe aliyoacha omeprazoli.