Nianze na kuku wa nyama au wa mayai?

Swali: Habari zenu, ndugu zangu. Banda limekamilika na mtaji ninao, lakini kila ninapotaka kuagiza vifaranga nasita kati ya kuku wa nyama na wa mayai. Niamueje?

Jibu: Dada, anza na vifaranga 50 vya nyama, kwa sababu huuzika baada ya wiki 5 au 6, ilhali wa mayai utawalisha takriban wiki 20 kabla ya kujaza trei ya kwanza. Hasara ikitokea itakuwa ndogo, nawe utakuwa umejifunza kulea: joto la kutosha, maranda makavu, na chanjo za magonjwa ya kideri na gumboro kwa wakati.

Jibu: Naunga mkono. Ila kwanza waulize wauza chipsi wa mtaani kwako wanataka kuku wa uzito gani, na kwa bei gani.

Muulizaji: Ahsanteni sana. Kesho nawaendea, kisha naagiza.