UZI: Shule zinadai kalkuleta kwenye joining instruction, kuifundisha hakuna anayetaka!

Wakuu, hili limefika shingoni.

Mtoto anatoka O-level akiwa amefanya Basic Mathematics kwa four figure (kijitabu cha majedwali ya hesabu). Anaingia PCM ya A-level (Fizikia, Kemia, Hisabati), anaambiwa anunue kalkuleta ya sayansi, basi. Mwaka baada ya mwaka swali la kwanza la pepa ya kwanza ya Advanced Mathematics ni la kalkuleta, lakini darasani mada inarukwa: "hiyo mtajisomea". Hizo ni alama za bure mnazitupa!

Chukueni fx-991ES PLUS, kalkuleta ya sayansi ya Casio. Intigresheni ya sin x kutoka 0 hadi π ni 2. Juu ya kioo kukiwa na herufi D (digrii), inakupa 0.0861. Haitoi onyo, haiandiki Error, na mtoto anaihamishia kwenye karatasi ya majibu hivyo hivyo. Dawa ni SHIFT, MODE, 4, herufi R (radiani) itokee. Sekunde tatu! Nani kawaonyesha?

Takwimu ndiyo balaa zaidi. Jedwali lina marudio, mwanafunzi anaingia MODE 3, anaona safu ya X peke yake, anajaza thamani ya katikati ya kila daraja (kundi la data) na kuendelea. Kila daraja linahesabiwa mara moja tu, wastani unaharibika na σ (standard deviation) inaharibika nayo. Safu ya FREQ (marudio) huwashwa kabla: SHIFT, MODE, shusha mshale ukurasa wa pili, STAT, ON. Halafu kwenye menyu ya Var kuna σx na sx, standard deviation za aina mbili. Ya kwanza inagawa kwa n, ya pili kwa n−1. Wengi wanabonyeza yoyote.

Newton-Raphson nayo, njia ya kusogelea jibu la mlinganyo hatua kwa hatua: x³ − 2x − 5 = 0, kuanzia 2. Andika 2 =, kisha (Ans ni jibu lililotangulia) Ans − (Ans³ − 2Ans − 5) ÷ (3Ans² − 2), halafu bonyeza = tu. Inakuja 2.1, 2.094568, 2.094551. Badala yake watoto wanaandika upya kila hatua kwa desimali mbili, wanabaki 2.09 mpaka kengele inalia.

Na wasimamizi, tafadhali: kinachokatazwa ni kalkuleta ya kuprogramu. TI-84 na fx-9750GII zinachora grafu na kuhifadhi programu, hizo zikamateni. fx-991ES PLUS haihifadhi programu, msimtetemeshe mtoto mlangoni.

*

Mkuu umesahau TABLE, sehemu ya kalkuleta inayotoa jedwali la thamani za f(X). Kwa kuwa za grafu haziruhusiwi, hiyo ndiyo msaada pekee wa kuchora. MODE 7, andika f(X), Start, End, Step. Mwisho ni mistari 30: −3 hadi 3 kwa Step 0.1 ni 61, inakataa na kuandika Insufficient MEM, mtoto anadhani mashine imekufa. Weka 0.25, inatoka 25. Kama kuna sin au cos, hakikisha R kwanza.