Tuliopata sifuri 2012: mlirudi kuangalia matokeo ya pili?

BintiMkondoa
Habari zenu wadau. Nawauliza hasa tuliomaliza kidato cha nne 2012: ni wangapi hamkujua kwamba kuna matokeo ya pili?

Nilisoma shule ya kata wilayani Kilosa. Mwalimu wa hesabu alikuwa mmoja kwa vidato vyote vinne, na kemia tuliinakili tu ubaoni, sikuwahi kushika hata chupa ya maabara. Januari 2010, naingia kidato cha pili, mto Mkondoa ukafurika. Madaftari yangu yote ya kidato cha kwanza yalikwenda na maji, sare pia. Tukahamia kwenye mahema. Usiku nasoma kwa koroboi, mama kanifunika kanga mbu wasinile. Hakuniambia niache shule hata siku moja.

Matokeo yakatoka Februari 2013. Nchi nzima tuliopata sifuri tulizidi 240,000. Binamu yangu wa Morogoro mjini aliniangalizia kwenye intaneti, akapiga simu: "Kiswahili D, mengine yote F. Pointi 34." Pointi zikiwa nyingi ndivyo umefeli zaidi, na 34 ni daraja la sifuri. Mama alikuwa anachambua mchicha. Akauliza, "Wanasemaje?" Nikamjibu sijachaguliwa. Neno sifuri sikuweza kulitamka mbele yake.

Machi nikaenda Dar kufanya kazi za ndani, Tabata. Mwezi Mei, niko jikoni naosha vyombo, nikasikia taarifa ya habari sebuleni: serikali imeyafuta matokeo ya kidato cha nne. Nikaelewa kwamba yamefutwa, basi hata ile D yangu moja haipo tena. Sikumuuliza mtu. Kumbe yalifutwa ili yapangwe upya kwa viwango vya 2011, na mwisho wa mwezi ule ule yakatangazwa mengine!

Nimekuja kujua 2019. Nilikwenda nyumbani msibani, nikapita shuleni kuomba barua tu ya kuonyesha nilisoma pale. Mwalimu akafungua kabati, akanipa cheti. Daraja la nne, pointi 32. Kiswahili C, Historia D. Miaka sita kimelala pale. Nikampelekea mama. Kusoma kunampa tabu, akakipapasa, akataka nimwonyeshe jina langu limeandikwa wapi.

Sasa nina miaka 31, watoto wawili na cherehani mbili. Nataka kusomea maendeleo ya jamii ngazi ya cheti, wanataka D nne. Nimepungukiwa mbili. Kuna aliyerisiti, yaani kurudia mtihani, akiwa na umri huu? Nichukue masomo gani?

FundiMageti
Dada, mimi pia wa 2012. Nilirudi kuangalia, nikakuta sifuri ile ile, ila pointi zimeshuka kutoka 35 hadi 34. Nikaingia VETA kusomea uchomeleaji, na namshukuru Mungu, kazi ipo. Kinachoniuma ni rafiki yangu tuliyekaa dawati moja. Februari ile alijifungia ndani karibu wiki nzima, kula hataki. Matokeo ya pili yalimpa daraja la nne, lakini alishaondoka kwenda Mererani machimboni. Sidhani kama cheti alikifuata. Uzi wako umenikumbusha, nampigia jioni hii.

MwalimuWaUraia
Binti yangu, hongera. Jisajili kama mtahiniwa wa kujitegemea. Usajili huanza mwanzoni mwa mwaka, usingoje mpaka faini, na mtihani ni Novemba. Chukua matatu hata kama unahitaji mawili: Uraia, Jiografia na Baiolojia. Somo la dini usilitegemee, kwenye zile D nne hawalihesabu. Jina unalojisajilia liwe lile lile la cheti cha kwanza, herufi kwa herufi. Nimeona watu wakihangaika chuoni kwa sababu ya herufi moja. Ukifaulu utapeleka vyeti vyote viwili.

Na mimi nina langu. Mwaka ule nilikuwa mwalimu wa darasa la kidato cha nne. Matokeo ya pili tuliyabandika kwenye ubao wa matangazo, wakati watoto wenyewe walishatawanyika tangu wamalize mtihani. Nani angekuja kuyasoma pale? Tulipaswa kuwafuata majumbani, na vijiji vyao tulivijua. Hatukwenda. Vyeti vingine niliviacha kabatini nilipohama.

BintiMkondoa
Shikamoo mwalimu. Nimeandika: Uraia, Jiografia, Baiolojia. Baiolojia naiogopa, lakini mwanangu wa kwanza yuko kidato cha kwanza, tutasoma wote kwa vitabu vyake.

Maneno yako kuhusu vyeti vilivyobaki kabatini yamenikosesha usingizi. Nimegeuza daftari langu la oda za nguo, kurasa za nyuma nimeorodhesha wasichana tuliokuwa nao mahemani tukamaliza pamoja. Wako tisa. Wanne nina namba zao, na mmoja ameshaniambia hajawahi kurudi shuleni tangu siku ya mtihani wa mwisho. Jumamosi tunapanda basi la Kilosa pamoja.